Ajali, Mkosi na Bahati: Kipi ni Kadari na Kipi ni Dhambi Yetu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyekadiria kila jambo kwa kipimo chake, wala hamdhulumu mja hata uzito wa chembe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahli zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi baba zetu, mama zetu na vijana mnaotusikiliza kwa redio majumbani na makazini, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maudhui yetu ya leo ni maneno matatu ambayo haipiti siku bila ya kutamkwa katika nyumba zetu: ajali, mkosi na bahati. Nimeyachagua kwa sababu ya watu wawili, ambao sitawataja majina, nao wameniruhusu kusimulia habari zao.

Wa kwanza ni kijana dereva wa daladala. Alinijia baada ya sala ya Alasiri, akakaa karibu na nguzo mpaka watu walipokwisha. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, gari alilokuwa akiliendesha lilimgonga mtoto wa kike wa miaka saba, aliyekuwa akirudi chuoni na juzuu yake kifuani, akafariki pale pale. Kesi yake ilikuwa mbele ya serikali, wala si hiyo iliyomleta kwangu. Akaniambia: "Shehe, tajiri wangu kaniambia ni bahati mbaya. Mama yangu kaniambia ni bahati mbaya. Nawe mwenyewe siku ya maziko ulisimama ukasema ajali haina kinga. Basi ikiwa ni bahati mbaya, mbona silali?"

Sikumjibu upesi, maana swali lake lilinigusa mimi kwanza. Ni kweli nilisema maneno hayo makaburini. Niliyasema kama tunavyoyasema sote, kwa kutaka kuwapoza wafiwa, bila ya kuuliza lolote. Sasa ndipo nikauliza. Nikamwuliza habari za gari. Akainamisha kichwa, akasema kwamba breki zilianza kuzama siku ya Jumatatu. Ilimbidi aikanyage pedali mara mbili au tatu ndipo ishike. Alimweleza tajiri, na tajiri akamjibu aendelee nalo hivyo hivyo, Jumamosi watampa fundi, kwani gari likilala siku moja hesabu ya siku itatoka wapi? Naye akaogopa kunyang'anywa gari akapewa mwingine, akaondoka nalo. Mtoto aligongwa Alhamisi.

Wa pili ni mama wa mtoto yule. Miaka miwili nyuma alifiwa na mtoto mchanga kwa homa, na sasa huyu wa pili. Kabla ya kwisha arubaini, minong'ono ikaanza mtaani kwamba mwanamke yule ana mkosi, na kwamba hapana budi iko dhambi aliyoifanya ujanani mwake ambayo Mungu anamlipa kwayo. Jamaa za mume wakamshauri mume wao ampeleke akatazamiwe kwa mganga, au amwache.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi tulivyoligeuza jambo hili juu chini. Uzembe wa siku nne tumeuita bahati mbaya, na msiba wa mama asiye na kosa tumeuita dhambi. Aliyestahiki kuulizwa tumempa pole, na aliyestahiki pole tumemhoji. Na huu si mtaa mmoja tu. Ndivyo tunavyoishi.

Hebu tuanze na maneno yenyewe, kwani lugha yetu inajua mengi kuliko tunavyoipa nafasi ya kusema. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mwisho ya kila kiumbe, ambayo haitangulii wala haichelewi. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilo la kifo, tukalitia katika magari, vyombo vya baharini na mashine. Gari likipinduka twasema pametokea ajali. Kwa hivyo kabla hatujauliza ni nani aliyekuwa akiendesha, na kwa mwendo gani, neno lenyewe limekwisha kutuhukumia kwamba ni amri ya Mungu. Tanbihi hii ni ndogo, lakini athari yake ni kubwa. Ama mkosi, hilo ni neno letu la Kibantu, na ukilisikiliza vizuri utasikia ndani yake kosa. Wazee waliolitunga walikuwa karibu na ukweli: nyuma ya mikosi mingi lipo kosa la mtu. Walichokosea wale waliokuja baadaye ni kulitafuta kosa hilo kwa aliyefikwa, badala ya kulitafuta kwa aliyelifanya.

Mtu atasema: Shehe, je, si katika nguzo za imani yetu kuamini kadari, heri yake na shari yake? Naam, ni katika nguzo, na asiyeiamini hana imani iliyotimia. Mtoto yule ajali yake ilikuwa imefika; hilo tunaliamini wala hatuna shaka nalo. Lakini kadari ni elimu ya Mwenyezi Mungu, nasi hatukupewa kuisoma kabla ya kutokea. Tulichopewa sisi ni amri na makatazo. Hatutaulizwa Siku ya Kiyama kwa nini ajali ya fulani ilifika siku fulani. Tutaulizwa juu ya breki.

Jambo hili lilikwisha kubainishwa tangu zama za masahaba. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) katika ukhalifa wake alitoka Madina akielekea Sham pamoja na watu wengi. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake wakampokea na habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakahitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakahitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, nao wote kwa kauli moja wakamshauri arudi na watu. Akatangaza kurudi. Hapo Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.), aliyekuwa amiri wa Sham na mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamkabili akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu aliyeteremka na ngamia wake katika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja ni kame. Akiwalisha penye majani amewalisha kwa kadari ya Mungu, na akiwalisha penye ukame pia ni kwa kadari ya Mungu. Basi mchungaji aliyewapeleka penye ukame, ngamia wakafa, hawezi kujitetea kwa kadari. Baadaye akafika Abdurrahman bin Auf (R.A.), akawapa Hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliye ndani yake asiikimbie. Umar akamshukuru Mola wake, akarudi.

Sasa chukueni mizani hii ya Umar mpime nayo misiba yetu. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe huko Mombasa kilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 272. Mnamo tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kufika Mwanza, wakafa mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Meli ile ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu mia sita na ushei, na tume iliyochunguza ikaona kwamba waliokuwamo walizidi elfu mbili. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na maiti peke yake walizidi mia mbili.

Katika kila msiba tuliswali, tukalia, tukasema ni mipango ya Mungu. Na ni kweli waliokufa ajali zao zilifika, nasi tunawatarajia daraja ya mashahidi, kwani aliyekufa maji amehesabiwa katika mashahidi kwa Hadithi ya Mtume. Lakini shahada ya aliyezama haimwondolei dhambi aliyemzamisha. Yule aliyekata tiketi ya mtu wa elfu alijua kwamba yeye ni wa elfu. Yule aliyeandika orodha ya abiria, akaacha kuandika nusu yao, alijua anachokiacha. Yule aliyepewa kazi ya kukagua, akatia mfukoni alichotiwa na akaangalia upande mwingine, alijua. Hapana hata mmoja kati ya hao aliyepatwa na bahati mbaya. Walitenda, kila mmoja kwa mkono wake, kabla chombo hakijang'oa nanga. Nasi abiria tusijisahau. Tunakiona chombo kimeinama upande mmoja, tunasukumana kuingia, twasema Mungu yupo. Aliulizwa Mtume (S.A.W.) na mtu mmoja juu ya ngamia wake, amfunge au amwache kisha amtegemee Mungu, naye akamwelekeza kumfunga kwanza kisha ndipo ategemee. Kutawakali baada ya kuacha kamba si kutawakali.

Hapa ndipo nilipomweleza yule kijana jambo ambalo wengi hawalijui, ingawa limo ndani ya Qurani, katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Sharia haikuigawa mauaji katika mafungu mawili tu, la kusudi ambalo ni dhambi, na la bahati mbaya ambalo si kitu. Liko fungu jingine linaloitwa khata, yaani kukosea. Mtu ametupa mshale apige mnyama, ukampata mwanadamu. Hakukusudia, wala hana dhambi ya muuaji. Juu ya hivyo Mwenyezi Mungu hakumwambia aende zake. Amewekewa mambo mawili. La kwanza ni dia, ambayo katika vitabu vya fikihi ni ngamia 100 au thamani yake, na dia ya kukosea hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba, kwa muda wa miaka mitatu, ila wafiwa wakisamehe. La pili ni kafara, nayo ni juu yake yeye mwenyewe wala habebewi na mtu: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata, kama ilivyo leo ambapo watumwa hawako, atafunga miezi miwili mfululizo.

Zingatieni hekima yake. Jamaa wameingizwa katika malipo ili ukoo mzima umwangalie kijana wao anavyotumia silaha au chombo, wasingoje mpaka afanye. Na yeye mwenyewe amepewa siku sitini za njaa, kwa sababu nafsi ya mtu imetoka kwa mkono wake, na moyo hautulii kwa kuambiwa "pole, ni bahati mbaya." Kijana yule hakulala kwa sababu moyo wake ulikuwa na fikihi kuliko ndimi zetu. Wanachuoni wetu wamesema kwamba umma huu umeondolewa dhambi ya kukosea, ya kusahau na ya kulazimishwa, lakini kuondolewa dhambi si kuondolewa dhamana. Aliyelala akajigeuza akavunja chombo cha mwenziwe hana dhambi, maana mwenye usingizi haandikiwi. Chombo atalipa.

Hayo ni ya aliyekosea kweli. Je, mwenye breki mbovu tangu Jumatatu, naye amekosea? Nilimwambia yule kijana bila ya kumficha. Kumgonga mtoto hakukukusudia, na hilo ni khata, na kafara yake ni hiyo. Lakini kabla ya Alhamisi yako maasi mengine, nayo hayakuwa kwa kukosea: kila asubuhi aliyowasha gari akijua halishiki, akapakia watu waliomwamini roho zao. Hayo ni dhambi iliyo wazi, yangekuwa dhambi hata kama wiki ingepita salama na Jumamosi fundi akatengeneza. Hapa ndipo tunapopotea wengi. Tunadhani dhambi imeanza pale msiba ulipotokea, na wiki iliyopita salama twaiita bahati nzuri. La, ndugu yangu. Aliyefika salama na gari bovu ameasi na akasitiriwa. Ama tajiri aliyesema "peleka hivyo hivyo", huyo hakuwa hata ndani ya gari, lakini neno lake lilikuwamo. Naye nilimwendea nyumbani kwake. Yaliyopita baina yetu nayahifadhi.

Nageukia kwa yule mama. Waarabu wa kijahilia, mtu akitaka kusafiri, alimshtua ndege. Akiruka kuliani huondoka, akiruka kushotoni hurudi nyumbani. Wakaliita jambo hilo tiyara, kutokana na neno lao la ndege. Ajabu ni kwamba sisi nasi, huku pwani, tunayo maneno ya ndege njema na ndege mbaya, kana kwamba tulisoma chuo kimoja. Bundi akilia juu ya paa tunamfukuza kwa chumvi. Wako wanaoahirisha harusi kwa sababu ni Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, ilhali Mtume (S.A.W.) ameikanusha nuhusi ya mwezi huo kwa kuutaja jina. Muuza duka akifunguliwa na mteja wa kwanza asiyenunua, husema ana kisirani siku nzima. Mambo haya mengine ni ya kuchekesha, wala sitakaa nayo. Lakini ndege akiisha, huwekwa mwanadamu mahali pake, na hapo hapachekeshi tena. Firauni na watu wake walipopatwa na ukame walimtupia nuhusi Musa (A.S.) na waliokuwa pamoja naye, kama ilivyoelezwa katika Suratul Aaraf. Watu wa mji uliotajwa katika Suratu Yasin waliwatupia nuhusi mitume waliotumwa kwao, na mitume wakawajibu kwamba nuhusi yao wanayo wenyewe.

Atasimama mtu wa mtaani aniletee aya ya Suratush Shura, isemayo kwamba msiba unaotufika ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu, naye Mungu anasamehe mengi. Aya ni ya haki. Lakini isome ukiwa umejielekezea wewe nafsi yako, ufikapo msiba wako wewe, ujihesabu na utubu. Haikuteremka ili jirani awe kadhi wa jirani yake. Nani aliyekufunulia daftari la mwanamke yule hata ukaijua dhambi yake? Na ikiwa kufiwa na watoto ni alama ya ghadhabu, basi utasema nini juu ya Mtume wako? Alijaaliwa watoto saba, na katika uhai wake akawazika sita: Kasim, Abdullah, Zainab, Rukayya, Ummu Kulthum na Ibrahim. Alibaki Fatima peke yake, naye akamfuata babake baada ya miezi michache.

Na siku ile ya Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, ambao ni 632, jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema limepatwa kwa kifo cha mwana wa Mtume. Lau angekuwa mtu wa kutaka utukufu wa dunia, angenyamaza tu, maneno yakaenea. Naye alikuwa na majonzi ya baba aliyetoka kuzika. Lakini aliwaswalisha watu, kisha akawabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, vipi basi gari liharibike breki kwa ajili ya dhambi ya mama maskini wa mtaani kwetu?

Sikilizeni sasa mwisho wa njia hii inafika wapi, maana wako wanaosema kwamba kwenda kutazamiwa ni mchezo tu usiodhuru. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa hapa Tanzania, ndugu zetu wenye ualbino walianza kuwindwa kama wanyama. Waganga waliwaambia watu kwamba kiungo cha mwenye ualbino kinaleta bahati: mchimbaji wa dhahabu ataona mshipa wa dhahabu, mvuvi akifuma unywele wake katika wavu atajaza mashua, mfanya biashara atatajirika. Watoto walikatwa mikono mbele ya mama zao. Mwezi wa Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli, na wauaji kadhaa wamehukumiwa. Na ualbino wenyewe ni nini? Ni upungufu wa rangi ya mwili, unaorithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao huenda wenyewe ni weusi na hawajui kama wanaubeba. Hauna bahati ndani yake wala mkosi. Walioua hawakuanza siku ile kwa kushika panga. Walianza kwa kuamini kwamba bahati ni kitu, kwamba kina mahali kilipo, na kwamba yuko ajuaye kukichukua. Suratul Maida, aya ya 90, imeitia mishale ya kupigia bao katika hukumu moja na pombe, masanamu na kamari, na yote ikayaita uchafu katika kazi ya Shetani.

Na madhali tumeitaja kamari, hatuwezi kuipita, kwani leo imo mifukoni mwenu ndani ya simu. Vijana wanabeti mipira ya Ulaya, na karatasi ya kubashiri wameipa jina la mkeka. Sijui ni nani aliyelianzisha jina hili, lakini limeniuma, maana mkeka ndio tunaousujudia. Husikia asubuhi mmoja akimwambia mwenziwe kwamba mkeka wake umechanika. Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu yeyote wa shule atakufanyieni. Chukua mechi kumi, na tujaalie kila moja ni nusu kwa nusu. Ili mkeka usichanike ni lazima upatie zote kumi, na nafasi yako ni moja katika 1,024. Ukiongeza zikawa kumi na tano, nafasi ni moja katika 32,768. Na mwenye kampuni hulipa pungufu ya hesabu hiyo, ndipo anapopata faida yake. Kwa hivyo katika mchezo huu yuko mmoja tu asiyetegemea bahati, naye ni yule anayekuuzia.

Wanajitetea kwamba kampuni hizi hulipa kodi na kusaidia timu za mpira. Hoja hii ina umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia nne. Waarabu walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawa kwa mishale kumi, saba yenye mafungu na mitatu mitupu. Waliotokewa na mitupu walilipa bei ya ngamia, na washindi, kwa murua, waliwagawia maskini nyama. Qurani haikukana manufaa hayo. Katika Suratul Baqara imekiri kwamba katika pombe na kamari yako manufaa kwa watu, kisha ikatoa hukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Mwenyewe nimemwona baba akitoa ada ya mtoto wake ya shule akaiweka katika mkeka, jioni akamwambia mkewe hana bahati. Ada ile haikupotezwa na bahati.

Si kwamba neno bahati ni haramu. Mtume (S.A.W.) alilipenda neno jema lenye kutia matumaini, na siku ya Hudaibiya alipofika Suhail kwa ajili ya mapatano, alilifurahia jina lake, ambalo lina maana ya wepesi, akatarajia jambo litakuwa jepesi. Mtu akikwambia "bahati njema" unapokwenda kufanya mtihani, itikia amin. Lakini kumbukeni kisa cha Karun katika Suratul Qasas. Alipowatokea watu katika mapambo yake, waliopenda dunia wakamtamani, wakasema kwamba huyu ana hadhi kubwa, yaani bahati kubwa, kwani neno lililotumika pale ndilo tulilolichukua katika Kiswahili tukaliita hadhi. Hawakuuliza mali ile ilitoka wapi. Nasi tumefuata: anayetajirika ghafla, awe kwa kuuza dawa bandia au kwa fedha ya umma, twasema ana bahati, na papo hapo tunampa hadhi ya kukaa mbele katika maulidi.

Nimalize kwa wale wawili. Kijana alifunga siku zake sitini mfululizo. Ilipompata homa katika siku ya thelathini na kidogo alikuwa na hofu ya kuanza upya, Mwenyezi Mungu akamsahilishia. Wazee wa ukoo wake walikwenda kwa wafiwa kwa habari ya dia, na kesi ya serikali ikaendelea na njia yake, maana hii haiizuii ile. Nilikuwapo siku ile. Yule mama alitoka ukumbini amejifunika kanga, akamsikiliza kijana akieleza mwenyewe habari ya Jumatatu, na breki, na hesabu ya siku, hakuficha kitu. Alipokwisha, mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe zilikuwa breki." Akarudia tena. Mumewe alikuwa amekaa karibu na mlango, na nduguze pembeni yake, hawakuinua vichwa.

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na ya Waislamu wote, na hasa kwa neno lile nililolisema makaburini. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu.